Chale za Ubavu wa Kushoto

"Nani alikuchanja hapa?"

Swali hilo ndilo lililotukata pumzi wiki iliyopita. Daktari Lazarus Okwara bado amesimama palepale tulipomwacha, ndani ya zahanati ya kambi ya barabara hapa Malaba. Kidole chake kiko juu ya ubavu wa kushoto wa Zephaniah Okedi.

Na kalamu yake imerudi mfukoni.

Nabwire, mke wa mgonjwa, aliona kalamu ikirudi kabla ya kusikia swali. Kalamu hiyo alikuwa ameisubiri tangu mvua za kwanza.

Bandama la mumewe lilikuwa limevimba hadi likasukuma mbavu. Pigo dogo tu, hata kuteleza bafuni, lingeweza kulipasua, na likipasuka ndani, hapo hakuna mazungumzo tena. Hospitali ya serikali ilisema apelekwe Nairobi akatolewe bandama. Nairobi walisema mgonjwa si raia, kwa hiyo aje na barua ya bima ndipo apewe kitanda. Watu wa bima nao wakasema hapana barua mpaka daktari wao amwone kwa macho.

Haya, daktari amekuja. Gari la kampuni ya barabara liko nje, godoro limetandikwa nyuma, dereva anafuta kioo. Kilichobaki ni sahihi.

"Nimekuuliza, mzee. Nani alikuchanja?"

"Ni zamani sana, Daktari," Okedi akajibu. Alikuwa fundi mkuu wa mitambo, mtu wa sauti nzito, lakini siku hizo alizungumza polepole kama mtu aliyebeba mayai. "Nilikuwa mtoto."

"Kwa sababu ya bandama."

"Hilo sikuambiwa."

"Mimi nakuambia. Mimi ni mtu wa Nambale. Mtoto hachanjwi mahali hapa kwa sababu ya jino."

Kando ya dirisha alisimama Jacktone Ogada, wakala wa bima, kijana wa tai nyekundu na nywele zilizopakwa mafuta zikang'aa. Ndiye aliyemwandikisha Okedi siku alipoajiriwa. Alifungua mkoba wake, akaufunga tena bila kutoa kitu.

"Boss, hii ni mbaya," alisema.

"Mbaya vipi?" Nabwire akauliza.

"Dada, bima ya mzee ni ile ya wafanyakazi wageni. Ina kifungu kimoja kichungu. Ugonjwa ambao mtu alikuwa nao kabla ya kuandikishwa, hatulipi. Hata kama ulikuwa umelala. Hata kama mwenyewe aliusahau."

"Alikuwa mtoto!"

"Utoto ni kabla, dada."

"Na akapona! Akakua, akaoa, akafunga injini za matrekta mgongoni kama mzigo wa kuni. Ugonjwa uliopona miaka yote hiyo bado ni ugonjwa?"

"Kwa bima, ndiyo."

Nabwire alimtazama kana kwamba anatafuta mahali pa kumpiga kofi.

"Mwezi uliopita yule dereva wa greda alikwenda kupasuliwa ngiri. Nani alimfunua shati?"

"Yule ni Mkenya. Kampuni inawalipia Wakenya moja kwa moja. Hawaulizwi kitu. Anayeulizwa ni mgeni."

"Mgeni!" Nabwire akanyoosha mkono dirishani. Ng'ambo ya mto, mwamba wa Tororo ulikuwa umesimama juani kama jirani anayechungulia. "Kwao ni pale. Naweza kuinjika maharagwe, niende kwao, nisalimie, nirudi kabla hayajaiva. Huyo ndiye mgeni?"

"Basi mpeleke kwao akatibiwe," Ogada akasema.

Nabwire alimkazia macho.

Wote walijua kwa nini Okedi hawezi kuvuka daraja lile. Tangu wanajeshi walipokuja kumtafuta kwenye karakana yake, miaka miwili iliyopita, alikuwa akiutazama mwamba wa kwao kupitia madirisha ya watu.

"Nimeteleza, dada," Ogada akasema kwa sauti ya chini. "Nisamehe, mzee."

"Umesamehewa," Okedi akajibu. "Lakini nipe maji."

Nabwire alimpa maji. Kisha aligeuka, akasimama mbele ya daktari.

"Daktari, fungua shati lako."

"Unasemaje?"

"Umesema wewe ni mtu wa Nambale. Mimi ni wa Namboboto. Homa za kwetu ndizo hizohizo za kwenu. Fungua shati tuone."

"Mama, mimi si mgonjwa hapa."

"Unaogopa?"

Ogada aliangua kicheko, akajifunika mdomo, akashindwa. Alilegeza tai, akachomoa shati kwenye suruali.

"Mimi ninazo. Tazama! Bibi yangu kule Port Victoria alinishikilia chini kama kondoo. Nililia mpaka wavuvi wakaja kuuliza ni nani ameshikwa na mamba."

Chale zilikuwa pale, mistari midogo myeusi, chini ya mbavu, upande wa kushoto.

"Funika tumbo lako, Ogada," daktari akasema.

"Nafunika, Boss. Lakini na wewe sema ukweli."

Daktari Okwara alivua miwani, akaifuta kwa pindo la koti. Kwa mara ya kwanza tangu afike alionekana amechoka.

"Ninazo," alisema. "Na ningeletwa mbele yangu mwenyewe kama mgeni, ningejikatalia."

"Basi hakuna mtu wa huku anayeweza kupata bima hiyo!" Nabwire akalia.

"Haikuandikwa kwa ajili ya mtu wa huku. Iliandikwa kwa mtu anayeshuka kwenye ndege na sanduku, na cheti cha daktari wa kwao kinachosema tangu kuzaliwa hajawahi kukohoa. Mumeo alishuka kwenye daraja na nguo alizovaa. Kampuni haikujua imweke wapi, ikamweka kwa wageni."

"Na wewe unakubali?"

"Mimi nimetumwa kuangalia ubavu, mama. Nimeuangalia."

Alianza kufunga begi lake.

Msomaji, hapo Nabwire alipiga magoti. Msichana wa Namboboto ambaye hakupiga magoti hata siku ya kuchumbiwa, leo alishika mguu wa meza ya zahanati.

"Daktari. Nionyeshe mlango. Hata ule wa nyuma."

Daktari aliacha begi.

"Uko mmoja," alisema polepole. "Kama chale hizi zilichanjwa kwa sababu nyingine, si kwa ugonjwa wake. Na kama kuna mtu aliyekuwapo, mwenye akili zake, aniambie hapa, kwa mdomo wake. Nikisikia hivyo naandika kwamba hakuna ushahidi wa ugonjwa wa zamani. Naweka sahihi. Mnaondoka."

Nabwire alimgeukia mumewe. "Zephaniah! Zilichanjwa kwa nini?"

Okedi alikuwa akitazama dari.

"Zephaniah!"

"Hazikuwa zangu," akasema.

"Chale ziko kwenye mwili wako si zako?"

"Zilikuwa za mwenzangu. Mimi nilichanjwa kumsindikiza."

"Mwenzako nani?"

Okedi alifumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa na maji.

"Nilizaliwa na mwenzangu. Tulikuwa wawili."

Nabwire alikaa chini kwenye sakafu ya saruji. Watoto wamezaa. Mazishi ya ndugu wamekwenda pamoja. Kando ya vitanda vyake vya hospitali amekaa. Na hajawahi, hata siku moja, kusikia kwamba mumewe alikuwa pacha!

"Kwetu pacha wakitendewa, hutendewa wote," Okedi aliendelea. "Mmoja akinunuliwa kaptula, wote kaptula. Mmoja akinyolewa, wote wananyolewa. Mmoja akinyweshwa dawa, mwenzake naye anakunywa hata kama anaruka kamba. Mama aliniambia mwenzangu alikuwa na bandama. Basi mganga akatuchanja wote."

Daktari alitikisa kichwa kukubali. "Hilo ni kweli. Hata kwetu ni hivyo."

"Umesikia!" Nabwire akaruka. "Toa kalamu!"

"Ngoja kidogo," Ogada akasema.

Sauti yake ilikuwa imebadilika. Kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Mzee, siku ile nilikuuliza maswali mwenyewe, tumekaa kwenye pipa la lami. Nilikuuliza: una ndugu wa tumbo moja aliyekufa? Ukasema huna."

"Sina."

"Na huyu mwenzako yuko wapi?"

Okedi aligeuza uso ukutani.

"Yuko wapi, mzee?"

"Aliruka."

"Aliruka wapi?"

"Usimbane, Ogada," daktari akasema. "Pacha hasemwi kwamba amekufa. Halii mtu, hakuna matanga. Inasemwa ameruka, amekwenda mbele, atarudi. Ukilitamka lile neno jingine unamwita yule aliyebaki amfuate."

"Mimi najua hayo, Boss! Hata kwetu ni hivyo! Lakini watu wa Nairobi watasema mzee alificha. Ameficha ugonjwa, ameficha na marehemu. Bima inafutwa yote, hata ya mguu kuvunjika."

Hebu ona! Dakika moja mlango ulikuwa umefunguliwa, dakika ya pili umefungwa na kuwekewa gogo.

Daktari alitembea hadi dirishani, akarudi.

"Hilo la kuficha naweza kulieleza kwa mkono wangu. Swali lilikuwa la kizungu, jibu lilikuwa la nyumbani. Lakini lazima nijue yule mtoto alikufa kwa nini, na nani kati yao alikuwa mgonjwa. Mzee mwenyewe alikuwa mdogo, ushahidi wake ni wa kuambiwa. Nani alikuwapo?"

"Mama," Okedi akasema. "Peke yake."

"Yuko wapi?"

Nabwire alikuwa amekwisha kufika mlangoni. Siku hiyo ilikuwa ya soko.

* * *

Mama Apeduno alivuka daraja kila siku ya soko na kikapu cha simsim kichwani. Wanajeshi wa upande wa pili walimzoea, wakachota simsim yao, wakamwacha apite. Kwamba Okedi ni mwanawe hawakujua, na yeye hakuwaambia.

Nabwire alimkuta akipepeta simsim mbele ya duka la Mhindi aliyehama.

"Mama, njoo. Daktari anataka kukuuliza."

"Ameweka sahihi?"

"Bado. Anataka umwambie habari za mwenzake Zephaniah."

Ungo ulisimama hewani.

"Nani alikupa habari hiyo?"

"Mwenyewe."

"Amefunua mdomo?" Mwanamke yule mzee alishusha ungo, simsim ikamwagika kwenye kanga. "Mgonjwa vile, anaita mambo hayo chumbani?"

"Hakulisema neno. Alisema ameruka."

"Vizuri. Basi mwambie daktari aandike ameruka."

"Daktari anaelewa. Bima haielewi kuruka, Mama. Bima inataka kusikia alikufa, na alikufa kwa nini."

Apeduno alimziba mdomo kwa kiganja. Kilinuka simsim na moshi.

"Nyamaza! Unajua nilifanya nini siku ile? Niliimba. Wanawake walinishika mikono, nikaimba na kucheza mbele ya watu, na ndani natokota. Sikulia kanisani. Sikulia shambani. Nimezeeka sijamlilia mtoto wangu ili huyu abaki. Leo nikaliseme kwa ajili ya karatasi ya Nairobi?"

Nabwire aliushika mkono ule, akautoa mdomoni taratibu.

"Mama, ukilisema unaogopa atamfuata. Usipolisema, atamfuata. Mimi nimelala kando yake, nimesikia anavyopumua."

Walitazamana katikati ya kelele za soko, wanawake wawili wa mtu mmoja.

Apeduno akafunga simsim yake kwenye kanga.

"Twende," alisema.

Walitembea haraka. Walipofika kwenye kona ya mapipa ya lami, mzee yule alisimama ghafla.

"Nabwire. Kuna kitu cha pili."

"Tunachelewa, Mama."

"Anasema mgonjwa alikuwa nani?"

"Mwenzake. Anasema yeye alichanjwa kumsindikiza."

Apeduno alitazama chini.

"Hivyo ndivyo nilivyomwambia. Nilitaka akue bila kujihesabu mgonjwa. Mtoto akijua ana ugonjwa, anautunza kama kuku."

Nabwire alimgeukia.

"Mama. Unasema nini?"

"Methuselah alikuwa mzima kama jiwe. Mwalimu wa kanisa ndiye aliyempa jina hilo, akasema ataishi miaka mingi kuliko watu wote." Alicheka kicheko kikavu. "Mto ulimchukua. Mafuriko, asubuhi, anateka maji. Mwenye bandama alikuwa huyu. Huyu wako."

Basi! Kampuni ya bima, kwa kanuni yake ile mbovu, ilikuwa imepatia. Ugonjwa ulikuwapo kabla. Ulikuwapo muda wote, umefichwa ndani ya maneno ya mama.

Na mganga alimchanja nani wapi? Nabwire aliuliza, ingawa aliogopa jibu.

"Zephaniah alichanjwa kushoto, penye bandama," Apeduno akasema. "Methuselah alichanjwa kulia, mahali pasipo na kitu. Kumsindikiza tu."

Injini ya gari la kampuni iliwashwa. Dereva alikuwa anaipasha moto.

"Sasa niseme nini?" mama mkwe akauliza. "Mimi ni mtu wa kushiriki meza ya Bwana. Wewe umesoma. Niambie nitakachosema."

Nabwire alitazama mlango wa zahanati. Angemwambiaje mama wa mtu, mshiriki wa kanisa, kwamba aongope? Na angemwambiaje aseme kweli?

"Sema lile neno, Mama," alinong'ona. "Hayo mengine sijayasikia."

* * *

Daktari alimpa Apeduno kiti. Alikataa. Alivua kandambili mlangoni kana kwamba anaingia kwa mfiwa, akasimama mbele ya kitanda.

"Shikamoo, mama," Ogada akasema, tai imekazwa tena.

"Marahaba. Wewe ndiye wa bima?"

"Ndiyo, mama."

"Una uso mzuri kwa kazi hiyo."

Ogada hakujua kama ametukanwa.

"Mama," daktari akasema, "nisamehe kwa ninachokuomba. Huyu ana mwenzake?"

"Alikuwa naye."

"Yuko wapi?"

Nje, dereva alikuwa anapiga mluzi. Apeduno alinyoosha mkono, akaushika mguu wa mwanawe juu ya shuka, akaukamata kwa nguvu kama mtu anayezuia ng'ombe asivuke.

"Methuselah," alisema, "alikufa."

Hakuna kilichoanguka. Paa halikupasuka. Lakini Okedi, mtu mzima, baba wa watoto, alitoa sauti ambayo mke wake hakuwahi kuisikia, sauti ya mtoto aliyeamshwa.

"Alikufa," Apeduno akarudia, na machozi ya miaka yote yakaanza kuteremka, bila kilio, yakifuata mikunjo ya uso. "Mwanangu alikufa. Mto ulimchukua. Alikufa, alikufa."

"Pole, mama," daktari akasema. Aliinamisha kichwa. Alingoja. Kisha, kwa sauti ya mtu anayechukia kazi yake: "Na aliyekuwa na ugonjwa wa bandama, kabla ya mto, alikuwa nani?"

Nabwire alitazama ukuta.

"Ni yeye Methuselah," Apeduno akasema.

"Na huyu?"

"Huyu alichanjwa kumsindikiza."

"Una hakika?"

"Daktari, mimi ndiye niliyewashika."

Daktari Okwara alimtazama kwa muda. Halafu mkono ukaenda mfukoni. Kalamu ikatoka! Akaandika mistari michache juu ya goti lake, akaweka sahihi, akaipuliza, akampa Ogada.

"Hakuna ushahidi wa ugonjwa wa zamani," alisema. "Mpelekeni Nairobi."

Nabwire aliegemea ukuta. Ogada alikunja karatasi, akaiweka mfuko wa ndani wa koti, akapiga kifua mara moja kama mtu anayefunga mlango.

"Mzee, twende! Nitakaa nawe huko nyuma mimi mwenyewe. Dereva! Leta machela!"

Na hapo, wasomaji, jambo lingekwisha. Lingekwisha kama Okedi angenyamaza.

Lakini mtu ambaye ameambiwa asimlilie ndugu yake tangu utotoni, siku mlango unapofunguliwa hawezi kuchagua kinachotoka. Okedi alikuwa ameshika mkono wa mama yake, analia na kucheka.

"Mama, mimi namkumbuka. Ulidhani nimemsahau? Tulikuwa tunaoga mtoni, tunasimama uso kwa uso. Yeye ananitazama, mimi namtazama. Tunasogeleana mpaka chale zinagusana. Zangu na zake. Zilikuwa zinakutana sawasawa, Mama! Kama mtu na kioo!"

"Nyamaza, mwanangu, utachoka," Apeduno akasema haraka.

"Zangu kushoto, zake kulia. Anasema, tazama, mlango umefungwa. Methuselah! Alikuwa anacheka sana yule."

"Zephaniah, inatosha!" Nabwire akapiga kelele.

Amechelewa.

Daktari alikuwa ameshika begi lake, yuko hatua moja kutoka mlangoni. Akasimama. Hakugeuka upesi. Nabwire aliona bega lake la kushoto likishuka, mkono ukienda wenyewe chini ya koti, kwenye ubavu wake mwenyewe, palipokuwa na mistari yake.

Mtu wa Nambale. Alijua bandama liko upande gani. Mgonjwa wa bandama lazima achanjwe kushoto; aliyechanjwa kulia, Methuselah, ndiye aliyekuwa msindikizaji.

Aligeuka. Alimtazama Apeduno, naye Apeduno hakumkwepa. Macho yao yalikutana, na katika macho ya mzee yule hapakuwa na ombi wala aibu. Palikuwa na mtoto mmoja aliyebaki.

"Mama," daktari akasema, "umeniapia."

"Sikuapa. Uliuliza, nikajibu."

"Nina leseni yangu. Nina watoto. Watu wa Nairobi watamfungua huyu, wataona bandama lenye makovu ya miaka thelathini, watauliza ni daktari gani aliyeweka sahihi."

"Nijibu wewe sasa," Apeduno akasema. "Wakishamfungua, watalitoa bandama na kumshona?"

Uso wa daktari ulikuwa wa mtu aliyebanwa kati ya malori mawili. Alimtazama Okedi, ambaye hata sasa hakuelewa alichokifanya, bado anatabasamu kwa kioo chake cha mtoni. Alitazama machela iliyokuwa inaingizwa mlangoni.

Akanyoosha mkono kwa wakala wa bima, kiganja juu.

"Ogada. Nirudishie ile karatasi."

Jacktone Ogada alitazama kiganja kile. Kazi yake, tai yake, mkoba wake, nyumba ya kampuni pale Busia, vyote vilikuwa juu ya kiganja kile. Alijipapasa ubavuni, juu ya shati lililochomekwa vizuri.

"Karatasi ipi, Daktari?" akauliza.

Nje, dereva akapiga honi.